Vuli ya huku: jinsi tulivyozipata siku tatu zetu

Kwetu Tanga vuli ni mvua. Ukisikia vuli imeingia, unatazama paa linavuja wapi na mbegu za mahindi umeziweka wapi. Huku Lowell, Massachusetts, neno hilohilo ndilo tunalolitumia kutaja majira ya majani kugeuka rangi na kupukutika. Mwaka wangu wa kwanza nilikataa kabisa kuyaita majira yale vuli, maana hapandi mtu na havuni mtu nje ya dirisha langu. Sasa nimezoea. Mama mkwe akipiga simu mwezi wa kumi akaniuliza, "Vuli imeanza huko?" namjibu imeanza, na kila mmoja wetu anaona picha yake kichwani.

Nilikaa huku miaka minne peke yangu kabla makaratasi ya mume wangu hayajakubali. Vuli zote nne nilizipitisha ndani. Nafanya kazi ya kuwahudumia wazee katika nyumba ya wazee, zamu ya usiku, saa tano usiku hadi saa moja asubuhi. Asubuhi nikitoka naona mti mmoja mwekundu mbele ya maegesho, nasema kesho nitaupiga picha. Kesho yake nimechoka, nashika usukani naenda kulala. Wiki mbili baadaye mti uko uchi. Hiyo ndiyo ilikuwa vuli yangu.

Mume wangu alifika mwezi wa pili, theluji imefika magotini. Tanga alikuwa mwalimu wa historia wa sekondari. Huku amepata kazi kwenye ghala, anafunga maboksi kuanzia saa tisa alasiri hadi saa tano na nusu usiku. Hesabu utaiona mwenyewe: mimi narudi asubuhi yeye amelala, nalala mimi yeye anaamka, naamka saa nane mchana yeye anafunga kamba za viatu. Tulikuwa tunapata nusu saa kwa siku, na nusu saa hiyo tulikuwa tunaongea bili na nani ataosha vyombo. Hatukugombana. Kilichoniogopesha ni kwamba alikuwa ananyamaza. Mtu ambaye kwetu nilikuwa nikimwomba, "Mwalimu, punguza maelezo, chakula kinapoa," sasa alikuwa anajibu kwa neno moja moja.

Kwa hiyo mwezi wa nane nilianza kuzisaka siku tatu.

Nilizitaka zile za Jumatatu ya pili ya mwezi wa kumi, ambayo ni sikukuu huku, ili Jumamosi, Jumapili na Jumatatu zikae pamoja. Nawaandikia wenzangu mnaofanya kazi za zamu, kwa hiyo nitasema wazi nilivyozipata. Sikuomba ruhusa kwanza, niliuza kwanza. Sisi ni Waislamu, na wenzangu wengi kazini wanaililia Krismasi. Nilimfuata dada mmoja nikamwambia: nichukulie usiku wa Jumamosi na wa Jumapili, mimi nitakuchukulia mkesha wa Krismasi na Krismasi yenyewe. Alinikumbatia palepale kwenye korido. Tukaandika, tukatia sahihi zetu wawili, ndipo nikampelekea msimamizi karatasi ambayo haikumbakishia kazi ya kufikiri. Usiku wa Ijumaa ulikuwa wangu wa mapumziko tangu awali. Mume wangu yeye aliacha mwezi mzima wa saa za ziada za Jumapili ili apewe Jumamosi ile moja, na hilo lilituuma mfukoni. Nilianza kuweka dola kumi kila wiki kwenye kopo la unga wa uji tangu mwezi wa nane, na fedha ile ndiyo iliyotutoa.

Nikadhani nimemaliza. Kumbe nilikuwa nimewaahidi watu wawili kitu kimoja. Shoga yangu wa Mombasa na mumewe tulikuwa tumeongea tangu mwaka juzi kwamba siku nikipata nafasi tutapanda New Hampshire kuona majani. Mdogo wangu wa Bukavu, ambaye ndiye aliyenipokea nilipofika mji huu na kunionyesha duka la samaki wakavu, naye alikuwa anangoja na kaka yake. Nilipomwambia mume wangu kwamba tutakuwa watu sita alikaa kimya, kisha akasema, "Mke wangu, mimi nilidhani siku hizi ni zetu."

Maneno yale yaliniingia. Nililala nayo siku mbili. Marafiki hawa ndio walionishika mkono nikiwa peke yangu, sikuwa tayari kuwageuzia mgongo eti sasa nina mume. Na mume wangu alikuwa na haki yake. Mwishowe nilifanya kitu rahisi ambacho kilinichukua muda kukiona: niligawa siku. Jumamosi ya wote, mlimani. Jumapili shoga yangu alikuwa kazini na mdogo wangu yuko kanisani mpaka jioni, basi Jumapili yote ikawa yetu wawili, na nikawaambia wazi marafiki kwamba siku hiyo simu yangu haipokelewi. Jumatatu tena wote, hapahapa Lowell, bila gari na bila haraka. Hakuna aliyenuna. Shoga alisema, "Ah, mwenda na mumeo nawe waomba ruhusa?"

Kuhusu wapi pa kwenda, aliyenielekeza ni bibi mmoja ninayemhudumia, mzaliwa wa milima ya kaskazini. Usiku akikosa usingizi hunisimulia. Aliniambia rangi hushuka kutoka kaskazini kuja kusini, na kutoka kileleni kuja bondeni, kwa hiyo majani ya Lowell yakiwa bado nusu kijani, kule juu yanakuwa yameshakolea. Akaniambia niombe mchana wenye jua na usiku wenye baridi isiyofikia kugandisha. Baadaye mume wangu alisoma kwa nini. Ile rangi ya kijani, klorofili, mti huacha kuitengeneza mwanga unapopungua, na njano iliyokuwamo jani zima tangu mwanzo ikabaki peke yake. Nyekundu ndiyo tofauti: hiyo mti huitengeneza wakati huohuo, kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani. Jua huongeza sukari, na baridi ya usiku huizuia isitoke. Alinieleza hayo akiwa amesimama jikoni na kisu mkononi, na nakumbuka nilimtazama kwa sababu yalikuwa maelezo yake ya kwanza marefu tangu afike.

Jumamosi tulisali alfajiri, tukaondoka saa kumi na mbili kasorobo, magari mawili. Gari la shoga lilibeba chakula: pilau kwenye sufuria iliyofungwa kwa taulo, kachumbari, na sambusa za mdogo wangu wa Bukavu. Gari letu lilibeba chupa mbili za chai, maandazi, mablanketi na soksi za akiba. Mtu anayekwenda kule mwezi wa kumi asidanganywe na jua la Lowell. Asubuhi kule mlimani unatoa mvuke mdomoni, saa saba mchana unavua koti, saa kumi unalitafuta tena. Tulivaa nguo juu ya nguo, na suruali tulizichomeka ndani ya soksi kwa sababu ya kupe. Kupe wa huku huambukiza ugonjwa wa Lyme, nao katika vuli hawajaisha.

Ni kama kilomita 180 hadi mji wa Lincoln. Foleni ya wikiendi ile ni kubwa, wanaotoka Boston wanapanda wote, na anayechelewa kuondoka nyumbani anaimaliza asubuhi barabarani. Sisi tulifika saa mbili na robo, tukajaza mafuta yote kwenye tangi. Hilo msilidharau. Barabara tuliyoijia, ile namba 112 inayoitwa Kancamagus, ina urefu wa kilomita 55 hivi kati ya Lincoln na Conway, na katikati hakuna kituo cha mafuta hata kimoja. Jina lake ni la kiongozi wa watu wa Pennacook wa karne ya 17, wenyeji wa nchi hii, ambao walikuwa wakivua samaki kwenye maporomoko ya Pawtucket, palepale ulipo mji wetu wa Lowell.

Nilikuwa nimeona picha nyingi. Picha hazikuniandaa kwa sababu picha ina ukingo. Pale ukitoka kwenye kona barabara inapanda, na kila upande mlima mzima umefunikwa, mwekundu wa pilipili iliyoiva, wa machungwa, wa manjano ya embe dodo, na katikati misonobari imebaki kijani kizito kama vile imekataa kushiriki. Miti mingine ina maganda meupe na majani madogo ya dhahabu yanayotetemeka bila upepo. Mti unaong'ara kuliko yote ni mepo, wenye lile jani lililo kwenye bendera ya Kanada, na ndio huohuo unaotoa utomvu wa kupikia sharubati ya kumiminia chapati za maji. Mume wangu alishusha kioo, baridi ikaingia yote, akasema, "Subhanallah." Kisha akauliza, "Hii yote ulikuwa unaipita kila mwaka?"

Nikamwambia ndiyo, niliipita yote.

Juu kabisa, kwenye mita kama 870, tulisimama. Yeye akaniambia jambo ambalo sikulijua ingawa nimeishi miaka yote hii kando ya mto. Maji ya upande tuliopandia huteremka Lincoln, yakaingia mto Pemigewasset, na Pemigewasset ukikutana na mwenzake huko chini ndipo mto unapoitwa Merrimack, na Merrimack ndio unaopita nyuma ya nyumba yetu. Maji ya upande wa pili huenda mto Swift, kisha Saco, yakatokea baharini jimbo la Maine. Mvua ikinyesha pale juu, tone moja linakuja kwetu na jirani yake haliji.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la siku ile. Tulikubaliana tukutane kwenye maporomoko ya Sabbaday, nikasema kwa ulimi mwepesi, "Tutapigiana simu." Simu hazishiki mtandao kule. Gari la shoga lilitangulia, likakuta maegesho yamejaa, likapitiliza. Sisi tulifika dakika kumi baadaye, familia moja ilikuwa inatoka, tukaegesha mahali pao. Tukangoja. Nusu saa. Nikaanza kuwaza wamepata ajali, nikawaza breki za lile gari, nikawaza mengi. Pilau nayo iko kwao, na sisi tuna chai bila chakula.

Mume wangu akalipia ile dola tano ya kuegesha gari, akaibandika karatasi kiooni, akanishika mkono. "Wao ni watu wazima watatu na kijana. Wamekwenda mbele, watangoja mbele. Sisi tuko hapa. Twende tukaone maji."

Njia ni fupi, hata dakika ishirini hazifiki. Maji yanaingia kwenye ufa mwembamba wa mwamba, yanageuka, yanaanguka tena, na chini yanatulia kwenye kibwawa cha kijani kama chupa ya soda. Majani yalikuwa yanaanguka juu ya maji na kuzunguka mahali pamoja. Tulikaa juu ya gogo tukanywa chai ya tangawizi na maandazi. Hatukuongea bili. Aliniuliza habari za miaka minne niliyokaa peke yangu, vitu ambavyo kwa simu nilikuwa nimemficha: usiku niliolia kwenye gari, mwezi niliokula mkate na maharage ya kopo ili nitume ada ya mdogo wake. Na mimi nikamwuliza maboksi yale anayaonaje. Alikawia kujibu. Akasema, "Kazi si mbaya. Ila mama, kule ndani hakuna mtu anayeniuliza kitu."

Tulikaa pale karibu saa nzima, na nisingekubali kubadilishana saa ile na wikiendi yote iliyobaki. Ilitokana na kosa langu, lakini tangu siku hiyo tukitoka na watu natenga saa ya namna ile makusudi, mimi na yeye, na marafiki wanajua.

Wenzetu tuliwakuta maporomoko ya chini, Lower Falls, kabla ya kufika Conway, wametandika mkeka kwenye miamba. Mdogo wangu wa Bukavu alikimbia akanishika mabega. "Yaya, tulikuwa tunawaza mumepotea!" Shoga alikuwa hajagusa pilau, hakutaka kula bila sisi, na mumewe alikuwa amesimama kando ya barabara zaidi ya saa nzima akihesabu magari ya rangi ya letu. Niliwaomba radhi wote. Tangu hapo kanuni yetu ni hii: kabla ya kuingia mahali pasipo mtandao tunataja mahali pa kwanza, mahali pa pili kama pa kwanza pamejaa, na saa ya kukata tamaa na kurudi mjini. Inaandikwa kwenye karatasi, kila gari nakala yake.

Pilau ilikuwa bado na uvuguvugu. Tulisali adhuhuri juu ya mwamba, maji yapo ya kutosha kutawadha, ya baridi mpaka vidole vikafa ganzi. Kaka wa Bukavu alitulia mpaka tukamaliza, kisha akaimba wimbo wa kwaya yao, sauti yake ikapanda juu ya kelele ya mto. Tulirudi kwa njia ileile kabla ya giza, maana wakati huo jua huzama saa kumi na mbili tu, karibu kama kwetu. Nilipenda hilo. Wiki hizi chache za vuli ndizo ambazo saa za mchana wa huku hufanana na za nyumbani, kabla usiku haujaanza kula kila kitu.

Jumapili tulipanda treni, mimi na yeye. Tikiti ya wikiendi ni dola 10 kwa mtu, unapanda treni za kanda unavyotaka Jumamosi na Jumapili. Lowell hadi North Station ya Boston, kisha nyingine kama nusu saa hadi Salem. Aliyechagua Salem ni yeye. Mimi nilijua Salem kwa ajili ya wachawi tu. Mwezi wa kumi mji unafurika watu wenye kofia nyeusi zilizochongoka, watoto wamejipaka rangi, huwezi kupita njiani, na gari usithubutu kwenda nalo.

Mahali pa kwanza aliponipeleka ni ukumbusho wa waliouawa mwaka 1692 kwa kusingiziwa uchawi, viti vya mawe vilivyochomoza ukutani, kimoja kwa kila mtu, na majina yao. Watu 19 walinyongwa na mzee mmoja alibanwa kwa mawe mpaka akafa. Mume wangu aliyasoma majina yote, moja baada ya jingine. Kisha akasema, "Na kwetu Usukumani, bibi vizee wamekatwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho ni mekundu kwa moshi wa kuni." Tulisimama kidogo pale. Watu wa kofia walikuwa wanapita nyuma yetu wakipiga picha.

Ila hakunileta Salem kwa hayo. Alinivuta hadi bandarini, kwenye gati la Derby, ambalo linaingia mbali baharini na mwisho wake kuna mnara mdogo mweupe wa taa. Huko hakukuwa na umati. Tulitembea mpaka mwisho, upepo unakata masikio, akasimama akageukia mji, na jengo la ushuru wa forodha la mwaka 1819 linaonekana ng'ambo, tai wa dhahabu juu ya paa.

"Bibi yako alikuwa analala kwenye godoro la nini?"

"La sufi."

"Limeshonewa kitambaa gani?"

"Marekani," nikasema, na nilipolitamka nikalisikia kwa mara ya kwanza. Maisha yangu yote marekani ilikuwa ni kitambaa kigumu cha rangi ya ugali wa dona, cha magodoro na mito. Sikuwahi kujiuliza kwa nini kinaitwa hivyo.

Basi akaanza. Akanieleza kwamba mwaka 1833 Sayyid Said alitiliana mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani akafika Unguja, Richard Waters, mtu wa mji huuhuu wa Salem. Merikebu za Salem zilishusha Unguja pamba nzito isiyopaushwa, iliyofumwa kwenye viwanda vya Massachusetts. Zikapakia pembe za ndovu, karafuu, ngozi, na sandarusi iliyochimbwa Mrima, ambayo huku ilikuwa inasafishwa na kupikiwa vanishi. Kitambaa kile kilipendwa mpaka bara kikawa fedha. Mpagazi alilipwa kwa pande za marekani, mtemi alipewa hongo ya marekani ili msafara upite. Akasema tena, akiwa ameinua kidole kama alivyokuwa darasani, kwamba tusisahau pamba yenyewe ilichumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, na kwamba pembe zile zilifika pwani juu ya mabega ya watu, wengi wao hawakwenda kwa hiari yao. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya hapa, vilivyoanza mwaka 1861, vilipokata pamba, vitambaa vya Waingereza na vya Bombay vikashika soko. Jina likabaki.

"Nimelifundisha somo hili miaka tisa," akasema. "Biashara ya masafa marefu. Nilikuwa nachora mshale ubaoni kutoka Unguja unaondoka kwenda Marekani, mshale unaishia ukingoni mwa ubao. Mshale wenyewe ulikuwa unaishia hapa."

Alisema kwa muda mrefu, nami sikutazama saa. Bibi mmoja Mmarekani aliyekuwa amekaa na mbwa wake alimwuliza ni lugha gani ile nzuri, na mume wangu akamweleza yote upya kwa Kiingereza, na bibi akauliza maswali. Matatu. Niliyahesabu.

Njaa ilipotuzidi tulikula samaki na chipsi za bei ghali, tukagawana sahani moja. Tukarudi na treni ya saa kumi na moja jioni, amelala begani kwangu.

Jumatatu nitaipita haraka. Asubuhi tulikwenda sote kwenye shamba la kuchuma matunda, kiasi cha nusu saa kutoka kwetu, unanunua mfuko na kuujaza mwenyewe. Tunda usilivute, unalishika, unalinyanyua na kulizungusha kidogo, likiwa tayari linaachia lenyewe bila kuvunja kijiti cha mwakani. Sisi wa Tanzania tulikuwa tunasema maepo, shoga anasema matofaa, mdogo wangu anasema mapome, na kila mmoja akaendelea na lake. Yana maji na ukali kuliko yale ya Lushoto, na mimi bado nayapenda ya Lushoto.

Alasiri tukatembea kwenye mfereji hadi mbele ya viwanda vya Boott, matofali mekundu, mnara wa saa, madirisha hayana idadi. Nimepita pale mara mia nikienda kununua mchele. Mume wa shoga aliuliza tu, bila kutaka jibu refu, "Shemeji, haya majumba yalikuwa ya nini?" Mto Merrimack unaanguka kama mita kumi pale Pawtucket, akaanza mume wangu, na kwa ajili ya anguko hilo walichimba mifereji ya kilomita tisa na kujenga mji mzima wa kufuma pamba. Wasichana wa mashambani ndio walioziendesha mashine kwanza, kisha Waairishi, Wakanada wa Kifaransa, Wagiriki, kila wageni kwa zamu yao. Kisha akafika kwenye merikebu za Salem na godoro la bibi yangu. Kaka wa Bukavu, ambaye yuko chuo cha jamii, alitoa simu akaanza kuandika. Akamwuliza kuhusu njia za pembe za kutoka Maniema kupita Ujiji, na wawili wale walibaki nyuma yetu, wanasimama kila hatua kumi, mikono hewani. Shoga alinibana kiwiko akanong'ona, "Mbona mumeo sikujua kama asema?"

Usiku saa nne na nusu nilivaa sare yangu. Kwa kawaida najiendesha mwenyewe. Yeye alikuwa amepata leseni wiki tatu zilizopita na alikuwa bado anaogopa usiku, lakini alichukua funguo mezani kabla yangu. Njia nzima, dakika kumi na mbili, alikuwa ananieleza kuhusu Maniema. Tulipofika mlangoni pa kazi alikuwa hajamaliza, nikabaki ndani ya gari nikimsikiliza mpaka saa tano kasoro dakika mbili.